Mwalimu wa Bastola

Mwalimu wetu wa bastola alikuwa akijikuna mgongo kwa mtutu. Sitii chumvi. Tulikuwa tumekaa barazani kwake Rusimbi, watu wazima na heshima zetu, naye amesimama mbele yetu akieleza namna ya kubeba silaha chini ya koti bila mtu kujua, na katikati ya maelezo mgongo ukamwasha. Akaichomoa, akaipitisha juu ya bega, akajikuna taratibu huku amefumba macho, kisha akaendelea na somo pale alipoachia. Niligeuka kumtazama mume wangu nione kama na yeye ameona. Alikuwa anaandika.

Mimi wakati ule nilikuwa Bibi Afya wa mji. Kazi yangu ilikuwa kuingia jikoni kwa watu, kufunua masufuria, kunusa mabucha, kuchungulia vyoo. Nimemwaga maziwa ya watu barabarani wakinilaani na nimefunga hoteli ya mtu aliyekuwa anasalimiana na wakubwa. Serikali ilinilipa mshahara ili nichukizwe kwa niaba ya wengine, na kazi hiyo niliifanya vizuri. Kwa hiyo nikisema kwamba katika miaka yangu yote Kigoma sikuwahi kuona kitu cha kutia kinyaa kama darasa lile, naomba nisionekane mwanamke mwenye maneno mengi tu. Nilikuwa najua ninachokitazama.

Tena kilichoniudhi zaidi ni kwamba nyumba yake yenyewe ilikuwa safi. Choo chake kilikuwa cha kupigiwa mfano Rusimbi nzima, kina mfuniko, kina majivu, kina maji ya kunawia na kipande cha sabuni kilichofungwa kwa kamba kisiibiwe. Mtungi wake wa maji ya kunywa ulifunikwa kwa kitambaa cha kufuma, na maji yale yalikuwa yamechemshwa. Nilimwuliza mkewe, nikaonja, nikaridhika. Chai ililetwa kwenye sinia lililosuguliwa likang'aa, vikombe vimefunikwa na visahani ili nzi wasitue. Halafu bastola ikawekwa hapo hapo kwenye sinia, katikati ya vikombe, mdomo wake ukiwa unatazama tumbo la mfanyabiashara mmoja wa dagaa aliyetoka Ujiji. Yule wa dagaa, mzee wa watu, akanyoosha mkono akachukua kikombe chake kana kwamba kile chuma ni bakuli la sukari.

Alikuwa mwanajeshi mstaafu, mrefu, mwenye mvi zilizokatwa vizuri na viatu vinavyong'aa. Baada ya kustaafu alikuwa na ruhusa ya kuwafundisha raia walioomba kibali cha kumiliki silaha, na bila karatasi yake ombi lako halikwenda popote. Miaka ile ya wakimbizi wa vita vya ng'ambo ya ziwa watu walioomba walikuwa wengi. Mitumbwi ilikuwa inavuka ziwa imejaa watu, malori yanapandisha watu makambini, na pamoja na wale masikini wa Mungu zilivuka na bunduki, zikaangukia mikononi mwa majambazi wetu wenyewe na wa kwao. Njia za milimani zikawa za kuombea dua kabla ya kuondoka.

Mume wangu alikuwa Bwana Shamba, eneo lake ni kule juu Kalinzi kwenye kahawa, na alikuwa anapanda na pikipiki ya idara. Siku moja alisimamishwa na vijana wenye bunduki. Walichukua pikipiki, saa, viatu, shati na suruali, wakamwacha ateremke kwa miguu na chupi mbele ya wanawake waliokuwa wanatoka shambani. Hakupigwa hata kofi. Ila tangu siku ile alikuwa hali vizuri, halali vizuri, na kila nikimgusa usiku anashtuka. Aliposema anataka bastola sikumcheka. Nilisema sawa, lakini kama hicho kitu kitalala nyumbani mwangu na watoto wangu wamo, basi na mimi naenda darasani nijue kinavyotunzwa. Ndivyo nilivyofika kwenye baraza lile, mwanamke peke yangu.

Siku ya kwanza tulifundishwa mavazi. Koti liwe refu kiasi gani, mkanda uwe mpana kiasi gani, kucha zikatwe, kiatu kipigwe rangi. Siku ya pili tulifundishwa kusimama. Mimi nasubiri aseme kidole kinakaa wapi, mtutu unaelekezwa wapi, utajuaje kama ndani mna risasi. Hakusema. Nikanyoosha mkono nikauliza. Akanitazama kwa upole, maana alikuwa mpole kweli, akasema, "Mama, kwangu ni heshima kwanza, risasi baadaye. Silaha haina ubaya na mtu mwenye adabu." Wenzangu wakatikisa vichwa wakaandika. Nikauliza tena, je, watoto wakiikuta? Akasema mtoto aliyelelewa hagusi cha mzazi wake. Nilikuwa nimemwacha wangu wa mwisho nyumbani ameshika dawa yangu ya meno anaila.

Sefti, yaani kile kitufe cha kuizuia isilipuke, aliidharau waziwazi. Alisema ni ya watu wanaojiogopa. Bastola isiyo tayari ni chuma cha kupasulia nazi, kwa hiyo risasi ikae ndani muda wote na kitufe kiwe wazi, ili adui akitokea usianze kupapasa. Yeye mwenyewe alikuwa akiichomeka ya kwake kiunoni mbele, bila mfuko wala nini, sweta juu yake, na hivyo hivyo anakwenda nayo sokoni, msikitini anaiacha kwa mwenye duka la jirani, anarudi anaichukua, anashukuru.

Na mtu huyo huyo alikuwa mwoga wa maji kupita kiasi. Nilimkuta mara moja kule Kibirizi, kwenye gati la mitumbwi, anataka kwenda kwa mtumbwi kumzika ndugu yake kijiji cha kaskazini. Alizunguka mtumbwi mzima akigonga mbao moja moja kwa kifundo cha kidole, akauliza nani aliziba, ameziba kwa kitu gani, mashine imekaguliwa lini mara ya mwisho, maboya yako wapi. Nahodha akachoka. Abiria wakachoka. Mwishowe akakataa kupanda, akasema yeye hawezi kuyaweka maisha yake mikononi mwa mtu asiyekuwa makini. Nikiwa pale pale nilitamani kumwuliza, na sisi je? Sikuuliza, alikuwa na msiba.

Lazima niseme na mema yake, maana nisiposema nitakuwa mwongo. Uani kwake alihifadhi familia nzima kutoka ng'ambo, mama na watoto na shangazi, muda mrefu, bila kutaka kazi wala shukrani. Kipindupindu kilipoingia na watu wa mji walipoanza kuwafukuza wageni kwenye mabomba, yeye alitoka na fimbo yake akasimama foleni pamoja nao hadi kila mmoja akajaza ndoo. Alikuwa akilia haraka. Ukimweleza habari ya mtoto mgonjwa machozi yanamtoka hapo hapo, anayafuta bila aibu. Watu walimpenda. Mimi mwenyewe, ungenikuta siku nyingine na katika habari nyingine, ungenisikia namsifu.

Lakini hakuwa anamfelisha mtu. Hilo ndilo lililokuwa donda. Nilidhani ni suala la chai, kwamba wanampa kitu. Hapana, hakupokea cha mtu. Ilikuwa ni imani yake. "Mtu mzima hafelishwi," alikuwa akisema. "Utamwambiaje baba wa watu kwamba ameshindwa? Ataangaliana vipi na mkewe?" Kwa hiyo kila aliyekaa barazani hadi mwisho alipata karatasi, awe ameshika silaha vizuri au ameishika kama mwiko. Yule wa dagaa mkono wake ulikuwa unatetemeka kwa ugonjwa, na alipata. Mimi nilitazama pembeni wakati wa kulenga kwa sababu ya mlio, na nilipata.

Sasa niseme habari ya siku ya kupiga shabaha.

Tulipelekwa kwenye shimo la zamani la kifusi, nyuma ya michikichi, mahali pazuri kwa kweli kwa sababu lilikuwa na ukuta mrefu wa udongo mbele. Ila nyuma yetu kilipita kinjia cha watu waendao mashambani, na hakuna aliyewekwa pale kuzuia wapita njia. Nilimwambia. Akajibu kwamba wapita njia nao ni watu, watasalimiwa. Nilidhani anatania.

Zamu ya mume wangu ikafika. Akapiga ya kwanza ikaingia kwenye udongo, akapiga ya pili. Ndipo akatokea mama mmoja mzee kwenye kinjia, mkimbizi, tulijua kwa kitenge alivyokifunga na kwa lile kapu, kichwani amebeba mihogo. Mwalimu alipomwona akasimama wima, akasema kwa sauti ya kijeshi kwamba mkubwa amepita, tumsalimie. Yeye akatangulia, mkono ameunyoosha, kwa salamu ya amani ya kwao, "Amahoro, mama." Na watu wote wakageuka.

Kila aliyekaa Kigoma anajua salamu ya huku. Hupungi mkono kwa mbali ukaendelea na shughuli zako. Unamkabili mtu, unainama kidogo, mkono wa kulia unautoa, na wa kushoto unaushika wa kulia kwenye kiwiko kuonyesha adabu. Mume wangu kwao ni Muheza kule mashariki, kama mimi, lakini alikuwa ameishi huku na kushika adabu ya huku hadi ikawa mwilini mwake, na wazee wa Kalinzi walimpenda kwa hilo. Mkono wake wa kulia ulikuwa na bastola. Humpi mzee mkono wenye kitu, na wa kushoto haupewi mtu. Akaihamishia kushoto, kidole cha kushoto nacho kikaingia kwenye triga, pale pa kufyatulia, akapiga hatua mbili kumwendea yule mama, akanyoosha wa kulia, na wa kushoto akauweka chini ya kiwiko kama inavyotakiwa. Mtutu ukawa unamtazama mama wa watu tumboni. Akainama. Ikalia.

Risasi ilipita kando ya kiuno cha yule mama ikachimba ukingo wa njia. Sisi sote tukabaki tumesimama tumeduwaa, na wengine wakaanza kucheka kile kicheko cha hofu. Yule mama peke yake ndiye aliyeanguka. Alijitupa chini kifudifudi kabla mlio haujaisha, mikono kichwani, uso ndani ya vumbi, mihogo imetawanyika. Hakulia. Alikuwa ameshawahi kufanya hivyo, tena si mara moja.

Nikamkimbilia. Nikampapasa nione damu, hakuna. Alipoinua uso akaona Mwalimu bado ameunyoosha mkono wake, anasubiri kwa unyenyekevu wote, na yule mama, Mungu wangu, akajifuta vumbi viganjani, akainuka, akaupokea mkono ule. Akasema amahoro. Kisha akaupokea na wa mume wangu.

"Mmeona?" Mwalimu akatuambia. "Heshima imemwokoa."

Sijui niliondokaje pale. Nakumbuka niliokota mihogo na kumtwisha yule mama kapu lake, nikaenda nyuma ya mchikichi nikatapika. Mimi niliyekuwa naingia kwenye mahema ya kipindupindu na kutoka nikala ugali. Niliporudi mume wangu alikuwa anapewa karatasi yake, Mwalimu amemshika bega anamwambia, "Umefaulu, mwanangu." Na mume wangu, ambaye baba yake alifariki yeye akiwa bado mtoto wa mgongoni, uso wake ulikuwa umefunguka kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya kuteremka Kalinzi na chupi. Nilimwona nikajua nimeshindwa.

Nyumbani nilisema yote. Nilisema umetaka kuua mtu mchana kweupe. Alisema ilikuwa bahati mbaya na Mwalimu mwenyewe ameiona na amempitisha, sasa mimi ni nani? Nilimwomba asiichukue bastola, nikamnunia, nikamnyima maneno, nikajaribu na utamu. Hakusikia. Kibali kikatoka, bastola ikaja, na akaanza kuibeba vilevile alivyofundishwa, kiunoni mbele, risasi ndani, kitufe wazi, jaketi juu. Kila alfajiri pikipiki nyingine aliyopewa na idara ilipowaka nilikuwa nasema moyoni, leo wataniletea maiti. Sikuwa nawaogopa majambazi tena. Nilikuwa namwogopa yeye na kile chuma chake.

Ndipo nikaenda kwa Mwalimu. Nilivua ubibi afya wangu wote mlangoni. Nilimwamkia, nikakaa mkekani, nikamwambia kuna mtu mmoja tu duniani ambaye mume wangu atamsikia. Mwite umwambie ukweli. Mwambie alifeli, arudishe kile kitu, au aje ajifunze upya kwa mtu anayejua. Neno moja tu kutoka kwako. Akanisikiliza hadi mwisho. Machozi yalimlengalenga, maana aliona nimekonda.

"Binti yangu," akasema, "unataka nimvue nguo mara ya pili?"

Alijua habari ile ya Kalinzi. Mume wangu alikuwa amemweleza, jambo ambalo mimi nililisikia kwa watu kabla ya kulisikia kwake. Akaniagizia chai. Vikombe vimefunikwa. Nikainywa, nifanye nini, nikaaga.

Hata msimu ule wa mvua haukuisha. Mume wangu alipanda Kalinzi kukagua miche, akamkuta mzee mmoja mkulima amekaa kwenye kigoda mbele ya nyumba yake anachambua kahawa. Akazima pikipiki, akaenda kumsalimia. Mzee amekaa chini, kwa hiyo ilibidi ainame sana, karibu kupiga goti. Alipoinama bastola ikaanza kuteleza ndani ya suruali, naye akaidaka kwa mkono wa kushoto juu ya nguo asiaibike ikaanguka mbele ya mkubwa. Akaidaka kwenye triga. Risasi ilishuka na paja, ikavunja mfupa juu ya goti. Wakulima walimfunga kwa vitenge, wakamteremsha kwa machela hadi barabarani, wakabembeleza gari. Mimi nilikuta ameshafika hospitali na daktari ananisubiri nje ya mlango, amekaa namna ile wanayokaa wakiwa na habari mbaya. Aliniambia mguu hauwezi kuokolewa, na asipoukata mapema atampoteza na mwenye mguu. Nikasema kata.

Alipona. Hilo nalishukuru kila siku. Nimekaa na mtu wa mguu mmoja miaka mingi sasa, tumezeeka, na ni mtu mwema.

Mwalimu alikuja kumwona alipoanza kula. Alikuja na chupa ya uji wa ulezi, amenyoa, kiatu kinang'aa, sweta lile lile, na chini ya sweta ule uvimbe kiunoni. Wagonjwa wa wodi nzima wakamwamkia. Akasimama kando ya kitanda, akautazama ule upande wa shuka uliolala tambarare, machozi yakamtoka kama kawaida yake. Akamwambia mume wangu asiwe na wasiwasi, bastola yake ameichukua kwa wahusika, ameisafisha na kuipaka mafuta, anamtunzia nyumbani hadi atakapopata nguvu ya kwenda kuichukua.

"Ahsante, Mwalimu," mume wangu akasema.

Hapo ndipo niliposimama. Nilimwambia mbele ya watu, bila shikamoo wala samahani, "Mwambie alifeli. Mwambie sasa hivi, kabla hajapoteza na wa pili."

Mwalimu akanitazama, akamtazama mume wangu, na niliona midomo yake inafunguka. Kwa muda kidogo niliamini kabisa kwamba anataka kusema. Lakini mume wangu alikuwa amejiinua kwa viwiko, jasho linamtiririka kwa maumivu, ananikunjia uso mimi.

"Msamehe, Mwalimu," akasema. "Amechoka tu."

"Nimeshamsamehe," Mwalimu akajibu. Akamimina uji kwenye kikombe, akaupuliza ili upoe, akaanza kumnywesha.